Balbu za LED za Bei Nafuu Ndani ya Gari la Kulala: Safari Nne za Dodoma hadi Itigi

Gari langu ni Toyota HiAce iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutengenezwa kwa ajili ya kulala ndani. Ina kitanda cha kukunja, kabati dogo, meza na beseni la kunawia, na dari yake imeinuliwa kiasi cha mtu wa kimo changu kusimama akiinama kidogo tu. Silitumii kwa utalii, ingawa ndivyo wengi wanavyodhani wanapoliona limeegeshwa. Mimi ni mnunuzi wa asali. Kila msimu wa kurina ninatoka Dodoma, ninapita Bahi na Kintinku hadi Manyoni, kisha ninaendelea hadi Itigi na vijiji vilivyo pembezoni mwa vichaka vyake, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, na huko wafugaji nyuki huniuzia asali kwa ndoo. Ndoo zikishapakiwa siwezi kuziacha gizani na kwenda kulala nyumba ya wageni, kwa hiyo ninalala nazo.

Kilichonisumbua tangu nilinunue gari hili ni betri ya nyuma, ile inayohudumia taa na feni na ambayo haihusiani na kuwasha injini. Ni betri ya asidi yenye uwezo wa ampea-saa 75, kwa maneno mengine inaweza kutoa ampea moja kwa saa 75, na kila fundi wa betri atakuambia kwamba betri ya aina hiyo isitumiwe kupita nusu ya uwezo wake kama unataka idumu, yaani mimi nina ampea-saa 37 hivi za kutumia. Taa za ndani zilikuwa sita: mbili za dari zenye balbu za wati 21, zile za kubonyeza na kuzungusha zinazofanana na balbu ya breki, mbili ndogo, moja juu ya kitanda na nyingine juu ya meza, zenye balbu za halojeni za wati 10 za pini mbili, moja ya mlangoni ya wati 10, yenye umbo la fyuzi na ncha mbili zilizochongoka, na moja ya kabatini ya wati 5, ile ya kuchomekwa bila kitako cha chuma. Kwa kawaida ninawasha mbili za dari na moja ndogo kwa saa nne kila usiku, nikiandika mahesabu na kupika. Hizo tatu peke yake ni wati 52, au ampea 4.3, na kwa saa nne zinakula ampea-saa 17. Ongeza feni inayokula ampea moja kwa saa nane, kwa maana kulala Itigi bila feni ni adhabu, na usiku mmoja unagharimu ampea-saa 25. Usiku wa pili betri ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka wake, na usiku wa tatu nilikuwa nikitumia tochi ya simu.

Ushauri niliopewa na wengi ulikuwa ni kufunga paneli ya jua juu ya gari. Kwa Dodoma yenye jua la kutosha kukausha hata mawazo, ushauri huo una mantiki, lakini gari langu mchana huliegesha chini ya mti kwa makusudi, kwa kuwa asali iliyochemshwa na jua ndani ya bati hupoteza ubora wake, na paneli iliyo kivulini ni pambo. Niliona ni heri nipunguze matumizi kwanza kabla ya kutafuta umeme zaidi.

Balbu za LED nilizinunua katika duka moja la vifaa vya magari katikati ya jiji, ambalo sitalitaja jina kwa sababu ambazo zitaonekana hapo mbele. Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, akaniita mheshimiwa, kama wanavyoitwa wateja wote wa Dodoma waliovaa shati lililopigwa pasi, kisha akanitandikia mezani balbu za kila umbo. Nilikwenda na balbu zangu za zamani ndani ya bahasha, na huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa yeyote, kwa sababu ile ya umbo la fyuzi huuzwa kwa urefu tofauti, wa milimita 31, 36, 39 na 41, na milimita tano zilizopungua zinatosha kuifanya balbu idondoke kwenye tuta la kwanza. Yangu ilikuwa ya milimita 41. Kwa zile za dari nililipa shilingi 4,000 kila moja, za pini mbili shilingi 3,000 kila moja, ya mlangoni shilingi 2,000 na ya kabatini shilingi 1,000, jumla shilingi 17,000 kwa seti nzima.

Kuzifunga hakuhitaji fundi. Nilichomoa fyuzi ya taa za ndani kwanza, nikasubiri zile za halojeni zipoe, maana zinaunguza vidole, kisha nikazibadilisha moja baada ya nyingine. Ile ya mlangoni haikuwaka mara ya kwanza. Tofauti na balbu ya uzi, ambayo haijali umeme unaingilia upande gani, LED nyingi za umbo hilo zina chanya na hasi, na dawa yake ni kuigeuza tu ncha kwa ncha. Ya kabatini nayo ilidai kugeuzwa. Za pini mbili ziliwaka bila ubishi, kwa kuwa aina hiyo mara nyingi huwa na kipande ndani yake kinachoruhusu umeme kuingia kwa upande wowote. Shida pekee ya umbo ilikuwa kwenye dari: balbu mpya ni ndefu kuliko ya zamani kwa takriban nusu sentimita, na kava la taa moja halikufunga mpaka nilipolikata kidogo kwa kisu sehemu ya ndani.

Baada ya hapo nilikaa na mita ya kupimia umeme, kwa sababu siyaamini maandishi ya kwenye maboksi. Kila balbu ya dari ilikuwa imeandikwa wati 12 na lumeni 1,000, lumeni ikiwa ndiyo kipimo cha wingi wa mwanga. Mita ilionyesha ampea 0.19 kwa volti 12.6, ambayo ni wati 2.4. Balbu ya LED ya bei hii ikitoa lumeni 100 kwa kila wati imejitahidi, kwa hiyo mwanga halisi ni kama lumeni 240, wakati balbu ya zamani ya wati 21 hutoa lumeni 460. Msomaji asidanganyike hapo: kwenye dari nilipoteza karibu nusu ya mwanga, na mke wangu aliligundua hilo kabla sijamweleza. Hali ilikuwa kinyume kwa zile ndogo. Halojeni ya wati 10 ilikuwa ikitoa lumeni 130 hivi, na LED iliyochukua nafasi yake, yenye bapa la chipu 12, vile vidoa vinavyotoa mwanga, na inayokula ampea 0.13, inang'aa sawa nayo au kuizidi kidogo, tena mwanga wote unaelekea chini badala ya kupotelea ndani ya kava.

Upande wa betri mafanikio yalikuwa makubwa mno kiasi cha kunifanya nirudie kupima nikidhani nimekosea. Zile taa tatu zilizokuwa zikila ampea 4.3 sasa zilikula ampea 0.51. Usiku mzima wa taa ukawa na gharama ya ampea-saa mbili, kama robo ya kile feni inachokula. Hata nikiziwasha zote sita, jambo ambalo silifanyi isipokuwa nikitafuta kitu kilichopotea, mita inasoma ampea 0.77, ilhali zamani zilikuwa zikivuta ampea 6.4. Kwa safari ya siku tatu betri sasa inarudi Dodoma ikiwa na akiba, na shilingi 17,000 zimefanya kazi ambayo paneli ya bei ya mara nyingi zaidi ya hapo ingeifanya kwa kusuasua chini ya mti wangu.

Laiti ningeandika baada ya wiki ya kwanza, ningeishia hapo na kuwapa sifa kamili.

Katika safari ya pili, tukiwa barabarani kuelekea Manyoni jioni, balbu moja ya dari ilianza kupepesa. Ilitulia injini ilipozimwa, ikapepesa tena injini ilipowashwa, na kabla hatujarudi nyumbani mstari mmoja wa chipu zake tatu ulikuwa umezima moja kwa moja. Ya pili yake ilifuata katika safari ya tatu. Sababu si bahati mbaya, na inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha balbu ya kununua na balbu ya kuacha. Ndani ya balbu hizi za bei ya chini kabisa chipu hupangwa tatu tatu kwa mfuatano, kila moja ikichukua karibu volti 3, na volti zinazobaki huachiwa rezista, kipande kidogo cha kuzuia umeme kisicho na akili yoyote. Betri ikiwa na volti 12.6, rezista inabeba volti 3.6 na mambo ni shwari. Injini ikiwashwa, altaneta hupandisha umeme hadi volti 14 na zaidi ili kuchaji betri. Kwenye gari langu nimepima 14.2. Chipu bado zinataka volti zao 9, kwa hiyo zile zilizoongezeka zote zinaishia kwenye rezista, ambayo sasa ina volti 5.2, na mkondo unaopita unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Mita ilithibitisha: ampea 0.19 zilikuwa zimepanda hadi 0.27. Balbu inapata joto ambalo haikuumbiwa, ndani ya kava lililofungwa, kwenye dari ya bati iliyokwisha kuokwa na jua la Dodoma kutwa nzima, na chipu moja ikikatika zile mbili za mstari wake zinazima nayo.

Nilirudi dukani nikiwa na balbu zote mbili. Kijana yule yule, ambaye sasa hakuniita mheshimiwa, alinionyesha karatasi ukutani inayosema kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi, akaongeza kwamba huenda gari langu ndilo lenye hitilafu kwa kuwa altaneta yangu inachaji kupita kiasi. Volti 14.2 si kupita kiasi. Ni afya njema ya altaneta, na muuza vifaa vya magari anapaswa kulijua hilo kuliko mimi muuza asali. Sikubishana sana. Nilichojifunza ni kwamba katika biashara hii dhamana unaibeba mwenyewe kwa kuchagua vizuri, na kwamba bei ya shilingi 4,000 ni ghali ikiwa utailipa kila mwezi.

Seti ya pili ya taa za dari niliipata kwa muuzaji mwingine, mzee mwenye meza ya spea za umeme, ambaye aliniuliza swali ambalo kijana hakuniuliza: "Gari lako ni volti ngapi, na taa utaziwasha ukiwa umesimama au unatembea?" Alinipa balbu zenye maandishi ya volti 10 hadi 30, shilingi 7,000 kila moja. Masafa hayo mapana ya volti ndiyo alama ya kutafuta, kwa maana hakuna rezista peke yake inayoweza kuyamudu. Lazima ndani kuwe na kidhibiti umeme. Nilizipima nyumbani. Kwa volti 12.6 kila moja ilikula ampea 0.21, na kwa volti 14.2 ilikula 0.19, yaani umeme ulipopanda yenyewe ilipunguza mkondo ili mwanga na joto vibaki pale pale. Ukiwa na mita, hicho ndicho kipimo kisichodanganya: balbu ambayo mkondo wake unapanda pamoja na volti haina kidhibiti, hata boksi liseme nini. Balbu hizi mbili zimemaliza msimu bila kupepesa.

Swali la mzee yule kuhusu volti linanikumbusha jirani yangu mwenye Toyota Coaster ya kubebea wanafunzi, aliyeona taa zangu akazipenda, akanunua seti kama ile ya kwanza na kuzifunga zote siku moja. Coaster nyingi za dizeli zina mfumo wa volti 24. Zilimulika kwa fahari kubwa kwa muda wa kunywa chai, kisha zikanuka.

Kidhibiti hicho nacho kina ila yake. Kinafanya kazi kwa kukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele hiyo huingia kwenye redio. Taa ya dari ya mbele, iliyo karibu na waya wa antena, ikiwashwa, stesheni ya FM iliyo karibu inasikika vizuri, lakini ile ya mbali inageuka kuwa mvumo wa kukaanga samaki. Balbu zile mbovu za rezista hazikuwa na tabia hii. Kwa hiyo ikifika saa mbili usiku nikitaka taarifa ya habari, ninazima taa ya mbele na kubaki na ya nyuma. Si usumbufu mkubwa, ila anayetegemea redio kutwa nzima ajaribu balbu moja kwanza kabla ya kununua sita.

Sasa niseme juu ya rangi ya mwanga, ambayo wauzaji wengi huizungumzia kana kwamba ni suala la mapambo. Seti ya kwanza yote ilikuwa nyeupe ya kuelekea bluu, ile inayoandikwa Kelvini 6,000 na zaidi; kadiri namba hiyo inavyopungua ndivyo mwanga unavyoelekea manjano. Ndani ya gari ilifanya kila kitu kifanane na chumba cha sindano. Baya zaidi ni wadudu. Mwanga wenye bluu nyingi huwavuta wadudu wa usiku kuliko mwanga wa manjano, na ukilala karibu na majaruba ya Bahi au Kintinku mlango ukiwa wazi, utapata wageni wa kila kabila. Kwangu kuna nyongeza: warinaji wengi wa huku hurina usiku, na huja na ndoo zikiwa bado na nyuki waliogandamana na masega, na nyuki aliyechokozwa gizani hufuata mwanga anaouona. Warinaji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wengine hufunika tochi kwa karatasi nyekundu, kwa kuwa nyuki haoni rangi nyekundu. Taa yangu nyeupe ya mlangoni iliniletea nyuki wapatao kumi na tano ndani ya gari katika usiku mmoja, nami nililala na jicho lililovimba. Seti ya pili niliichukua ya manjano, ya Kelvini 3,000, na nyuki hawajaacha kuja, lakini sasa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

La rangi lina upande mwingine ulioniuma mfukoni. Asali ninaipima bei kwa mambo kadhaa, na mojawapo ni rangi yake, kwa kuwa wateja wangu wa Dodoma wanaotaka asali ya kahawia iliyoiva hawakubali ile iliyopauka, na wanaotaka nyeupe hawaitaki ya kahawia. Chini ya LED ya bei nafuu asali zote zinasogea kuelekea rangi moja ya kijivu chenye kijani kwa mbali. Mwanga wa LED hizo una upungufu wa wekundu, na kitu kisichomulikwa na wekundu hakiwezi kuuonyesha wekundu wake. Katika safari ya kwanza nilinunua ndoo mbili za lita 20, na ndoo moja ya asali ya ujazo huo ina uzito wa kilo 28 hivi, nikiamini ni nyeupe. Asubuhi kwenye jua zilikuwa za kahawia waziwazi. Mfugaji hakunidanganya, taa ndiyo iliyonidanganya. Tangu siku hiyo nimerudisha balbu ya halojeni juu ya meza. Inakula wati zake 10 kama zamani, inachoma vidole kama zamani, lakini inaonyesha rangi kwa uaminifu, na kwa kuwa ninaiwasha dakika chache tu ndoo inapofunguliwa, betri haijui kama ipo. Fundi wa kushona, mchoraji, au yeyote anayefanya kazi ya rangi ndani ya gari lake azingatie hili kabla ya kutupa balbu zake za zamani.

Taa ya mlangoni, kwa upande wake, haizimi kabisa. Mlango ukifungwa inabaki na mwanga hafifu kama kaa la moto lililofunikwa na majivu, kwa sababu swichi ya mlango ya gari hili inavujisha umeme kidogo sana, ambao haukutosha kuupasha moto uzi wa balbu ya zamani lakini unatosha kuiamsha LED. Hii nayo niliibadilisha kuwa ya manjano kwa shilingi 2,000 nyingine, na kasoro hiyo ikabaki ile ile. Fundi alitaka kuongeza rezista kwa shilingi 5,000. Nilikataa, kwa kuwa mkondo wenyewe haukusomeka hata kwenye mita yangu, na ile nuru inanionyesha kitasa nikiamka usiku. Fundi huyo huyo alinishawishi nibadilishe na taa za indiketa ziwe LED. Nilikataa pia, maana flasha ya gari la zamani, kile kifaa kinachozipepesa indiketa, ikikuta balbu inayokula umeme kidogo hudhani imeungua, na indiketa huanza kupiga haraka haraka.

Hadi sasa nimetumia shilingi 33,000, zikiwemo 10,000 za balbu tatu zilizokwisha kutupwa. Iwapo ningeanza upya leo, ningetoa shilingi 14,000 kwa taa mbili za dari zenye kidhibiti na rangi ya manjano, 3,000 kwa ile ya kitandani, 2,000 kwa ya mlangoni na 1,000 kwa ya kabatini, ambayo katika kundi lote la kwanza ndiyo pekee isiyonipa neno la kulalamika, labda kwa sababu huwashwa sekunde kumi kwa siku. Ya mezani nisingeigusa. Balbu zangu za zamani nimezifunga kwa kitambaa ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kiti, pamoja na fyuzi mbili za akiba, na safari ijayo mzee wa spea ameniomba nimletee chupa moja ya asali nyeupe, ambayo nitaichagua mchana.